Mafuta Juu ya Gundi

Kijiji cha Ujamaa, Mikumi
11 Machi 1973

Mjomba wangu Mwalimu Melkizedek,

Shikamoo. Mpe shikamoo pia mkaza mjomba Lea. Sisi huku ni wazima, mahindi yamesimama vizuri, ila nguruwe pori wanatusumbua. Rafaeli, mwanafunzi wako wa zamani uliyeniomba nimpokee, anakusalimu sana. Anakereza kuliko sisi wote hapa karakanani. Jioni anahudhuria kisomo, na sasa anaunganisha herufi. Kiko hajakiacha. Nilimkataza kuvuta ndani, basi hutoka nje mara kumi kwa siku, hata wenzake humwambia, "Rafaeli, kizingiti hicho umekikereza kwa miguu."

Mjomba, nina shida ya kazi. Wilaya imetupa magogo ya mninga yaliyolala mvuani miaka miwili. Rangi yake ni nzuri ajabu, ina mistari myeusi, lakini sehemu nyingine zimekuwa laini kama kiazi kilichochemshwa. Patasi ikigusa, mbao inachanika. Tumepewa gundi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya. Tunainywesha mbao mahali palipooza, ikishika tunakereza, na bakuli linatoka zima. Taabu inaanza kwenye vanishi. Pale penye gundi inakaa juu juu kama maji kwenye jani la mgomba, na baada ya siku mbili unaibandua kwa ukucha.

Tumeagizwa bakuli sitini kwa maonyesho ya Saba Saba. Mwenyekiti wa kijiji amesema zikisifiwa tutapewa mashine ya pili, na mimi, katibu wa karakana, nitapelekwa kozi Dar es Salaam. Tufundishe, Mjomba. Barua yako nitaisoma kwa sauti mbele ya wote, maana nusu yao bado wako kwenye kisomo.

Mpwa wako,
Cleopa


Kilosa
25 Machi 1973

Mpwa wangu Cleopa,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa jino moja la mbele linanipigia kelele. Mama yako Yudith alituletea maharage kutoka Mamboya kabla mvua haijakata barabara, na anauliza kwa nini humwandikii. Mwambie Rafaeli nimefurahi. Nilimfundisha kushika patasi akiwa na miaka kumi na mitatu, na hata wakati huo mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Sasa kazi. Mtu anapopaka vanishi kwenye mbao ya kawaida, mbao inainywa. Vanishi inaingia kwenye vijitundu vyake, inakaukia humo, na ndiyo sababu haitoki. Ninyi mmekwisha kuvijaza vijitundu hivyo gundi. Mbao yenu imeshiba. Kwa hiyo vanishi haina pa kuingia, na lazima muipe kitu kingine cha kushikilia.

Kwanza, msichanganye gundi kushika na gundi kuiva. Ikishika, kidole hakinati tena. Hapo bado ni mbichi ndani. Iacheni siku saba nzima. Dalili ya kuiva ni hii: ukipiga msasa inatoka unga mweupe mkavu. Ikitoka mikunjo inayoziba msasa, au ikinuka, rudisheni bakuli rafuni. Ukipaka kitu juu ya gundi mbichi unaifungia ndani, na haitaiva vizuri tena.

Ikiisha kuiva, pigeni msasa mpaka mng'aro wote wa gundi upotee. Mikwaruzo ile midogo ndiyo mahali vanishi itakaposhika. Futeni kwa kitambaa chenye spiriti, mbali na moto wowote, kikiwemo kiko cha mtu tunayemjua. Halafu pakeni shelaki, vile vigamba vya njano vya dukani, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nyepesi kama chai ya maskini. Shelaki hushika juu ya gundi na juu ya mbao pia, na vanishi hushika juu ya shelaki. Kati ya tabaka na tabaka acheni siku moja.

Jilindeni. Vumbi la gundi ni baya kuliko vumbi la mbao. Fungeni vitambaa puani na mdomoni, kerezeni milango ikiwa wazi. Gundi mbichi ikiwagusa ngozi, osheni kwa maji na sabuni, si kwa spiriti, maana spiriti inaisukuma ndani. Tena msichanganye nyingi kwa mara moja. Ikijaa kopo hupata joto yenyewe, hata kutoa moshi. Nimeliona kwa macho yangu.

Bakuli hizo ni za matunda na za kupamba. Mtu asinywee uji wa moto humo.

Mjomba wako,
Melkizedek


Mikumi
22 Aprili 1973, Pasaka

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Pole na jino, natumaini limetulia. Mke wangu anawasalimu.

Barua yako niliisoma karakanani mara mbili. Ulivyoandika "mbao yenu imeshiba" Rafaeli alicheka, akasema, "Huyo ndiye Mwalimu, ananiambia mbao imekula!" Sasa wote wanasema hivyo. Tumefuata kila neno, na vanishi haibanduki tena hata kwa kisu.

Lakini shelaki imekwisha, na Morogoro hawana. Badala yake wilaya imetuletea pipa zima la mafuta ya linsidi, yale ya njano ya kupaka milango. Tukiyapaka na kuyafuta kwa matambara bakuli linapendeza upesi, bila kungoja siku na siku. Zimebaki bakuli thelathini na nane. Je, tuendelee nayo? Nijibu upesi, Mjomba, siku zinakimbia.

Mpwa wako,
Cleopa


Kilosa
6 Mei 1973

Mpwa wangu Cleopa,

Amani kwako na kwa mkeo. Jino lile limeng'olewa Jumatatu. Sikumwambia mtu isipokuwa Lea, kwa sababu ya aibu: pengo liko mbele kabisa, na kila nikitamka "s" napiga mluzi. Lea anasema, "Ukiniita kutoka shambani nitadhani ni garimoshi la Kidatu." Jumapili hii nimeomba udhuru wa kusoma somo kanisani. Nakuandikia wewe ucheke peke yako.

Barua hii isome kwa sauti kama zile nyingine, na hii isome taratibu.

Linsidi si mbaya, lakini kwenye mbao yenu iliyoshiba gundi ina matatizo mawili. La kwanza ni dogo. Pale penye gundi mafuta hayaingii. Yasipofutwa yote yanabaki yakinata kwa wiki kadhaa na kukusanya vumbi. La pili ndilo lililonifanya nikae kuandika leo hii.

Kwa kuwa mbao haiyanywi, mafuta mengi yatarudi kwenye matambara. Kwa bakuli la kawaida tambara hutoka na unyevu kidogo. Kwenu litatoka limelowa. Na tambara lenye linsidi, Cleopa, hujiwasha moto lenyewe. Usicheke. Linsidi haikauki kama maji yanavyokauka. Inakauka kwa kunywa hewa, na inapokunywa hutoa joto. Tambara moja likitandazwa, joto linaondoka na upepo. Yakikunjwa pamoja joto halina pa kutokea, linazidi, na baada ya saa chache unaona moshi. Ni kama ile gundi niliyokwambia inavyochemka ndani ya kopo. Mahali pabaya kuliko pote ni ndani ya gunia la maranda.

Kwa hiyo: kila tambara litandazwe nje, moja moja, juu ya mawe au kwenye waya, mpaka likauke na kuwa gumu kama karatasi. Au litiwe ndani ya ndoo ya maji yenye kifuniko. Hata la dakika tano lisiachwe ndani. Na kama hamna mtu wa kusimamia jambo hilo kila siku, basi acheni linsidi kabisa. Mwambie mwenyekiti kwamba bakuli zitakazokuwa tayari Saba Saba ni ishirini na mbili. Ishirini na mbili nzuri si aibu.

Mjomba wako,
Melkizedek


Mikumi
27 Mei 1973

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole sana kwa kung'olewa jino, na mwambie mkaza mjomba asikucheke. Mvua zimekatika huku, tunavuna.

Kazi inakwenda vizuri sana. Bakuli hamsini ziko tayari, arobaini nimeshazipeleka ofisini kwa mwenyekiti. Wageni wa wilaya watakuja kututembelea mwezi ujao, tunasafisha kila mahali. Samahani kwa ufupi, nina haraka.

Mpwa wako,
Cleopa


Mikumi
17 Juni 1973

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa huzuni. Karakana imeungua. Ilikuwa Jumamosi tarehe tisa, saa tisa mchana, siku waliyotutembelea wageni. Walikuwa wamekwisha ondoka. Paa limekwisha, mashine imebaki chuma kitupu. Hakuna aliyekufa. Rafaeli ameungua mikono yote miwili na amelazwa.

Watu wote wanajua chanzo. Moto ulianzia nyuma ya mashine ya Rafaeli, penye gunia la maranda, na kiko chake kila mtu anakifahamu. Kuungua kwake wanakuona kama alama. Halmashauri ya kijiji itakaa Jumamosi tarehe 21 Julai. Ikithibitika, yeye na mkewe Fausta watatolewa kijijini, na huenda akapelekwa polisi kwa kuharibu mali ya umma.

Wameniagiza nipate maelezo ya mtaalamu. Nimekutaja wewe. Tafadhali andika, kwa jina lako na kazi yako ya ualimu, kwamba cheche ya tumbaku inaweza kuwasha maranda. Hayo tu. Ni kweli, na wewe mwenyewe uliwahi kutuonya kuhusu kiko.

Kuhusu linsidi, wengine wameanza kuuliza kama mafuta yale yana hatari. Nimewaambia kwamba nilikuuliza wakati wa Pasaka, na jibu halikunifikia. Unajua posta zetu wakati wa masika.

Mpwa wako,
Cleopa


Kilosa
26 Juni 1973

Mpwa wangu Cleopa,

Salamu. Lea hajambo. Mama yako alifika juzi, barabara ya Mamboya ikiwa imefunguliwa, na bado yuko hapa.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Mwalimu hujifunza kutosahihisha daftari akiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja hasira iishe, na wewe usome mpaka mwisho.

Unaniomba niandike kwamba tumbaku huweza kuwasha maranda. Huweza. Lakini hukuniuliza ili ujue. Unataka sentensi moja ya kweli itakayosimama mahali pa nyingine.

Jibu langu kuhusu linsidi niliandika tarehe 6 Mei. Wewe unasema halikufika. Niliposoma hivyo nilikuamini, Cleopa. Nilijilaumu kwamba ningepanda garimoshi mwenyewe, ni saa chache tu. Hata nililia, maana niliona mikono ya Rafaeli kama mzigo wangu. Usiku ule sikula.

Kesho yake mama yako alipoingia, nilimwamkia, akashtuka: "Kaka, umefanya nini meno?" Hakuwa akijua. Alikuwa Mamboya tangu Machi, na hakuna mtu wa kumpelekea habari. Basi nikamuuliza Lea kama alimwambia yeyote. Akasema, "Nani? Wewe mwenyewe ulinikataza." Ndipo nikafungua sanduku, nikatoa barua yako ya 27 Mei. "Pole sana kwa kung'olewa jino, na mwambie mkaza mjomba asikucheke."

Habari ya jino kuuma niliiandika Machi. Habari ya kung'olewa, na ya Lea kunicheka, iko katika barua moja tu duniani. Uliisoma. Uliisoma na ukakumbuka kunipa pole, kwa sababu tumekulea kuanza na salamu. Kisha yale yaliyofuata salamu ukayaficha.

Sijui kwa nini. Nina kisio, lakini nataka kisio changu kiwe cha uongo. Niandikie. Na ujue kwamba tangu siku zangu za ualimu huwa naandika juu ya karatasi ya kaboni. Nakala ya tarehe 6 Mei iko mbele yangu, na kila neno linasomeka.

Mama yako hajui ninachokuandikia.

Melkizedek


Mikumi
8 Julai 1973

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne.

Ilifika. Niliipokea tarehe 14 Mei mkononi mwa mwalimu wa shule. Niliisoma peke yangu, nikaitia mfukoni. Wenzangu waliniuliza, "Mwalimu bado hajajibu?" Nikasema bado. Mjomba, ningewezaje kwenda kwa mwenyekiti na kumwambia ishirini na mbili, wakati yeye ameshawaambia wilaya sitini? Niliona nitayaangalia matambara mwenyewe, bila kuwatisha watu. Kweli niliyaangalia, siku nyingi. Siku ile wageni walikuwepo.

Bakuli arobaini zilizokuwa ofisini zimepelekwa Saba Saba. Zimepata nafasi ya pili. Jina langu limetolewa kwa kozi.

Nakuomba kama mtoto wako. Nikikiri nitafukuzwa, na pengine nitafungwa. Rafaeli ni mtu wa kuja tu, hana cheo cha kupoteza. Akitolewa hapa atapata kijiji kingine. Mama ataishije akisikia? Kwetu Wakaguru mtoto ni wa mjomba wake. Kosa la mpwa hubebwa na mjomba, hivyo ndivyo mlivyotufundisha. Sasa nibebe. Choma nakala ile.

Mpwa wako,
Cleopa


Kilosa
15 Julai 1973

Cleopa,

Nimepata barua yako. Umeniambia kweli, japo umechelewa.

Umetaja desturi na umeisema vibaya. Mjomba hubeba kosa la mpwa kwa kwenda mbele ya waliokosewa, na kulitaja, na kutoa cha kulitengeneza. Hakuna mjomba yeyote wa ukoo wetu aliyelibeba kwa kulihamishia kichwani mwa mtu mwingine. Babu yako, mjomba wetu sisi, alitembea kutoka Mamboya hadi Kilosa kutaja wizi wa kaka yangu mbele ya watu walioibiwa. Nilikwenda naye. Sijasahau alivyokuwa akijifuta jasho na kofia.

Na neno lile, kwamba Rafaeli hana cha kupoteza. Ni mkerezaji, Cleopa. Alikuwa na mikono.

Ijumaa tarehe 20 nitapanda garimoshi. Jumamosi asubuhi nitakuwa kijijini kwenu na nakala yangu. Ukisimama kabla yangu ukasema mwenyewe, nitakaa pembeni yako na sitafungua mdomo isipokuwa kuomba kwamba mimi nisaidie kujenga upya. Usiposimama nitasimama mimi. Mama yako nimemwambia. Akaniuliza garimoshi linaondoka saa ngapi, na akanifungia chakula cha watu wawili, cha kwangu na chako.

Melkizedek


Kilosa
5 Agosti 1973

Cleopa,

Naandika kwa anwani ya chuo cha kozi yako, Dar es Salaam. Mkeo ndiye aliyenipa.

Nilifika kijijini kwenu nikaambiwa umeondoka Alhamisi kwa basi. Chakula alichofunga mama yako nilimpa mkeo. Anaona haya kupita kiasi, ingawa hakufanya lolote. Mwandikie.

Nakueleza kilichotokea, maana ulipaswa kukiona.

Niliomba ruhusa ya mwenyekiti kabla ya mkutano, saa mbili asubuhi. Nikachota linsidi iliyosalia kwenye pipa lenu, nikalowesha matambara, nikayakunja na kuyashindilia kwenye debe pamoja na maranda, nikaliweka juani mbele ya watu wote. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, umekuja kumtetea mpwa wako?" Nikamjibu kwamba nimekuja kumshitaki, na kwamba shahidi wangu ni debe, tumpe muda.

Nikasoma nakala. Mluzi wa jino ulinitoka kwenye kila "s", na baadhi ya vijana walicheka mwanzoni. Nilipofika kwenye "hujiwasha moto lenyewe" mzee mmoja akapaza sauti, "Tambara lijiwashe bila kibiriti? Mwalimu, huo si ualimu, huo ni uchawi!" Watu wakacheka. Wakaendelea na mambo mengine, mbegu za pamba na zamu za kulinda nguruwe pori. Mara kwa mara mtu alikwenda kutia mkono ndani ya debe. Saa tano mmoja alirudi akisema, "Ni vuguvugu tu, hilo ni jua." Saa sita mwingine akautoa mkono upesi. Saa saba na nusu ukapanda moshi mwembamba wa kijivu, wenye harufu ya rangi iliyoungua, na hakuna aliyekuwa karibu. Yule mzee alisimama, akavua kofia, akaenda kukaa kando ya Rafaeli.

Rafaeli alikuwa ameletwa na Fausta kutoka hospitali. Mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko. Nilidhani aliungua akiokoa mashine. Hukuniambia. Aliungua kwa kubeba pipa la spiriti, alilikumbatia akalitoa nje, kwa sababu ghala ya mahindi ya kijiji imepakana na ukuta ule. Kila aliyekula ugali kijijini mwenu mwezi huu ameula kwa mikono ile. Na wewe uliniandikia kwamba watu wanaiona kama alama.

Aliniomba nisome nakala tena, taratibu. Nikasoma. Akauliza, "Kwa hiyo hii ilikuja kabla?" Nikamwambia ilikuja wiki tatu na siku kadhaa kabla. "Na Cleopa aliisoma?" Aliisoma. Akasema, wala si kwa ukali, kama mtu anayepanga zana rafuni:

"Maana siku ile mimi niliyatandaza matambara nje, Mwalimu. Sikujua chochote, niliona tu yatakauka upesi juani. Katibu ndiye aliyekuja akaniambia, Rafaeli, wageni wanafika, kusanya uchafu huo, utie kwenye gunia la maranda nyuma ya mashine pasionekane. Nikamwambia yamelowa. Akasema, tia tu."

Cleopa, hilo hukuniandikia hata ulipokuwa unakiri. Uliandika, "Siku ile wageni walikuwepo." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi sasa. Nilikufundisha kuandika mimi mwenyewe, mezani kwangu, na sikujua kwamba nafundisha mkono utakaoweza kuandika sentensi kama hiyo.

Halmashauri imemsafisha Rafaeli. Kuhusu wewe wameandika wilayani. Watakachoamua sikijui, na sitakiombea kipungue. Kwa upande wangu nilisimama kama mjomba, nikalitaja kosa kwa jina lake, nikaahidi kuja Oktoba na zana zangu kusimamisha karakana mpya na kuwafundisha wawili mahali pa wawili waliopotea, wewe na Rafaeli. Wamekubali.

Rafaeli na Fausta nimekuja nao hapa Kilosa, ili awe karibu na dawa. Anakaa chumba ulicholala ulipokuwa shuleni. Lea anamlisha kwa kijiko naye anamtania, "Mama, tambi hizi zimepigwa msasa?" Amenikataza nisikuandikie neno baya. Nimejitahidi kumtii.

Mama yako anasema siku utakayotaka kuja, uje. Mimi sina la kuongeza hapo, nyumba ni yake kama ilivyo yangu. Utamkuta Rafaeli barazani. Atakusalimu kwa mdomo, maana ndivyo alivyo, lakini hatakupa mkono. Usidhani ni hasira. Vidole vimeshikana, havifunguki.

Melkizedek